Maliasili na ualimu: shahada moja, mbili, au moja na nusu?

Katika Mji wa Serikali kule Mtumba, Wizara ya Maliasili na Utalii na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ni majirani. Kwenye makaratasi hazikaribiani hivyo. Kijana anayependa misitu, wanyamapori na udongo, na papo hapo anatamani kusimama mbele ya darasa la kidato cha pili, kila anayekutana naye humtaka achague. "Mwanangu, unataka kuwa bwana misitu au mwalimu?" Mjomba anasema maliasili haina ajira. Mama mdogo anasema ualimu angalau mtu anajua anakokwenda. Kaka aliyetangulia chuoni anasema kuna kitu kinaitwa PGDE, na mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hakuna anayekijua vizuri.

Kuunganisha viwili hivi kunawezekana, na watu wamefanya. Tatizo ni kwamba wengi huanzia kwenye jina la shahada. Wanatafuta kozi yenye maneno yote mawili, maliasili na ualimu, wakiikosa wanakata tamaa, au wanaingia yoyote iliyo karibu kwa matumaini kwamba mambo yatajipanga mbele ya safari. Mimi ningeanzia upande wa pili kabisa: kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya walimu.

Soma ratiba ya shule yoyote ya sekondari, ya kata au ya bweni, Chamwino, Bahi au Manyoni. Utaona Biolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati, Jiografia, Historia, Kiswahili, Kiingereza, na katika baadhi ya shule Kilimo. Hakuna kipindi cha maliasili. Mambo yenyewe yamo, tena kwa wingi, lakini yamegawanywa ndani ya masomo mengine. Katika muhtasari wa Jiografia uliotumika kabla ya mtaala mpya, mwanafunzi wa kidato cha pili alikutana na matumizi endelevu ya misitu, uchimbaji madini endelevu, usimamizi wa maji, utalii na nishati, mada baada ya mada. Biolojia ya kidato hichohicho ilikuwa na mada ya uwiano wa viumbe na mazingira yao. Kwa hiyo mwalimu wa maliasili yupo shuleni tayari. Anaitwa mwalimu wa Jiografia au wa Biolojia, na anaajiriwa kwa jina hilo.

Tangazo la ajira linasema vivyo hivyo. TAMISEMI inapohitaji walimu wenye shahada, nafasi huandikwa Mwalimu Daraja la III C, kisha somo. Sifa zinazotajwa kwa kawaida ni shahada ya ualimu yenye somo hilo la kufundishia, au shahada nyingine iliyojumuisha somo hilo pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo ndiyo hiyo PGDE. Siku hizi waombaji hupitia usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na anayekagua vyeti hana muda wa kusikiliza hadithi ya jinsi ulivyohesabu tembo Swagaswaga. Anatafuta somo.

Ukali huu una historia. Shule za kata zilipochipuka nchi nzima chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakapelekwa madarasani. Wananchi wakawabatiza "voda fasta", na jina hilo halikuwa la sifa. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianzishwa mwaka 2007 katikati ya kiu hiyohiyo ya walimu, na kwa miaka mingi kimekuwa mzalishaji mkubwa wa walimu wa shahada. Mwaka 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliokuwa wakisoma hapohapo UDOM walirudishwa nyumbani, na baadaye waliokidhi vigezo wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Tangu hapo, kila njia ya mkato ya kuingia ualimuni hutazamwa kwa jicho la shaka. Anayetaka kuunganisha fani mbili hana budi kuhakikisha kila kipande cha njia yake kinatambulika kivyake.

Tahasusi inaamua mengi kabla hujafika chuo

Kwa aliye kidato cha nne sasa, jambo hili ni rahisi kuliko linavyosemwa. Tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, ndiyo inayoacha milango mingi wazi. Inakupeleka kwenye misitu, wanyamapori, mazingira, kilimo, na pia kwenye ualimu wa Biolojia na Jiografia au Biolojia na Kemia. CBA, yenye Kilimo badala ya Jiografia, ni nzuri ila shule zinazofundisha Kilimo ni chache, kwa hiyo nafasi za kufundisha nazo ni chache. PCB, yenye Fizikia badala ya Jiografia, ni tahasusi yenye heshima zake mtaani kwa sababu ya udaktari, lakini inamnyima mtu Jiografia. HGL na HGE, zenye Historia na Jiografia pamoja na Kiingereza au Uchumi, hukupeleka ualimu wa Jiografia kwa upande wa sanaa na baadhi ya shahada za mipango ya mazingira, huku milango ya misitu na wanyamapori ikibaki imefungwa au nusu.

Sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza, kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya alama 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha kisheria. Lakini masomo hayo mawili lazima yawe yale yanayotajwa na kozi unayoomba, na hapo ndipo wengi wanapokwama: alama wanazo, somo hawana. Mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka huandika masomo hayo kozi kwa kozi. Usomwe wenyewe, mstari kwa mstari, badala ya kusimuliwa.

Kwa nini haviingii ndani ya miaka mitatu

Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hapa kwetu hujengwa kwa krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza: mihadhara, semina, maabara, kujisomea na mitihani. Hiyo ni kama saa 3,600 kwa shahada nzima. Sasa chukua mwanafunzi wa Shahada ya Sayansi na Ualimu. Anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundishia, tuseme Biolojia na Jiografia. Juu ya hayo kuna upande wa elimu wenyewe: saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala, mbinu za kufundishia kila somo, upimaji na tathmini, ushauri na unasihi. Tukigawa kwa mafungu matatu sawa, kwa mfano tu, kila fungu linapata saa 1,200. Mgawanyo halisi hutofautiana chuo na chuo, lakini picha ndiyo hiyo: meza imeshajaa. Ukitaka kuongeza upimaji wa misitu, sheria za wanyamapori na usimamizi wa mabonde, kitu lazima kiondoke, na vinavyoweza kuondoka ni ama somo la pili la kufundishia au kina cha lile la kwanza.

Ndiyo maana sielewi sana lawama kwamba vyuo vyetu havina ubunifu wa kuweka kozi ya "maliasili na ualimu". Penye uwezekano, ilifanyika: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, kwa muda mrefu kimefunga kilimo na elimu ndani ya shahada moja, kwa sababu Kilimo ni somo lililomo shuleni. Maliasili halina dirisha hilo. Labda mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulioletwa na mtaala mpya, ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024, utalifungua kidogo, maana shule za amali zinahitaji watu wenye ujuzi wa mikono katika kilimo na fani nyingine. Ila ningemshauri kijana asijenge maisha yake juu ya labda.

Kwa hiyo zinabaki njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni kuanza na ualimu. Unasoma Shahada ya Sayansi na Ualimu, pale UDOM au Chuo Kikuu cha St. John's kilicho katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ukiwa na Biolojia na Jiografia kama mchanganyiko huo upo, au Biolojia na Kemia. Katika kozi za hiari unachagua ikolojia, udongo, mifumo ya taarifa za kijiografia. Utafiti wa mwaka wa mwisho, kama programu yako inao, unaufanyia porini au kijijini. Maliasili unaifuata baadaye kwa shahada ya uzamili, ukiwa tayari una cheti kinachokulisha. Njia hii ni fupi na ina msaada wa kifedha, kwa sababu mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, imejengwa hasa kwa ajili ya shahada ya kwanza, na ualimu wa sayansi na hisabati umekuwa miongoni mwa vipaumbele vyake. Kasoro yake ni kwamba utamaliza ukiwa mwalimu mwenye mapenzi na misitu. Wakala wa misitu, TFS, au mamlaka ya wanyamapori, TAWA, wakitangaza nafasi ya mhifadhi, hawatakutazama.

Ya pili ni kuanza na maliasili: misitu au usimamizi wa wanyamapori SUA, mipango na usimamizi wa mazingira pale Chuo cha Mipango, Dodoma, au shahada nyingine ya jamii hiyo. Unamaliza, kisha unachukua PGDE kwa mwaka mmoja. Miaka mitatu na mmoja, minne. Hapa ndipo jibu la "moja na nusu" linapotoka: shahada moja kamili ya maliasili na juu yake mwaka wa ualimu. Ukihitimu una milango miwili halisi, wa uhifadhi na wa darasa. Naipenda njia hii kuliko ile ya kwanza. Ina mtego mmoja tu, lakini ni mkubwa.

Transkripti ndiyo inayosema, cheti kinanyamaza

PGDE hukufundisha namna ya kufundisha. Haikufundishi Biolojia. Chuo kinachokupokea huangalia kama shahada yako ya kwanza ina masomo ya kutosha yanayofundishwa sekondari, na baadaye mwajiri huangalia tena hilohilo. Cheti kikiandikwa "Usimamizi wa Wanyamapori", mkaguzi anafungua transkripti kuona kozi moja moja.

Tuchukue mhitimu wa wanyamapori. Ana zuolojia, ana botania, ana ikolojia ya nyanda na tabia za wanyama. Hapo yuko mbali kuliko walimu wengi wa Biolojia. Lakini muhtasari wa Biolojia wa sekondari unadai pia seli, jenetiki, fiziolojia ya binadamu, uzazi, magonjwa na kinga. Kama kozi zake za mwaka wa kwanza ziligusa jenetiki kwa muhula mmoja na fiziolojia haikuwepo, atapata shida, kwanza kwenye karatasi, halafu mbele ya watoto. Mtihani wa vitendo wa Biolojia unamtaka mwalimu aandae maabara: ayodini kwa wanga, myeyusho wa Benedict kwa sukari, majani ya kuchemshwa kwenye spiriti bila kuunguza jengo. Kuhesabu pundamilia kutoka kwenye gari hakumwandai mtu kwa hilo.

Mhitimu wa mipango ya mazingira ana mambo mengine. Jiografia inamkaa vizuri: tabianchi, udongo, matumizi ya ardhi, takwimu, mbinu za utafiti. Anapopungukiwa mara nyingi ni kwenye Jiografia ya maumbo, yaani miamba, volkano, kazi ya mito na barafu, na kwenye kusoma ramani na kutafsiri picha, vitu ambavyo Baraza la Mitihani huviuliza mara kwa mara. Mhitimu wa misitu yuko katikati, ana botania na upimaji ardhi na udongo, na anaweza kwenda upande wowote kati ya hizo mbili kutegemea alichagua kozi gani za hiari.

Dawa yake inapatikana mapema, tena bure. Mwaka wa kwanza wa shahada ya maliasili, kabla ya kujaza fomu za kozi za hiari, chukua muhtasari wa sekondari wa somo unalotaka kufundisha, unapatikana Taasisi ya Elimu Tanzania, uweke kando ya orodha ya kozi za chuo. Ziba mapengo kwa kozi za hiari. Na ulenge masomo mawili, kwa sababu mkuu wa shule yenye walimu wachache hataki mtu wa vipindi vinane kwa wiki. Mwanafunzi akisubiri mpaka siku ya kuomba PGDE, transkripti imeshafungwa.

Julai hadi Septemba

Wanafunzi wa vyuo wanajua kwamba likizo ndefu siyo likizo. Anayesoma ualimu huenda BTP, mazoezi ya kufundisha, kwa kawaida baada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Anayesoma maliasili huenda fildi, kwenye hifadhi, msitu au ofisi ya halmashauri. Vyote viwili huangukia kipindi kilekile cha Julai hadi Septemba, pale shule zinapokuwa zimefungua muhula wa pili na njia za porini zimekauka. Hii ni sababu nyingine ya kimya kimya inayofanya fani mbili zisisomwe kwa wakati mmoja: mtu hawezi kuwa porini Mkungunero na kwenye ubao wa shule ya Haneti wiki hiyohiyo.

Anayepitia njia ya PGDE hukwepa mgongano huo kwa kuwa fildi zake zilikwisha. Anayepitia njia ya ualimu anaweza kupunguza hasara kwa kuchagua shule ya BTP kwa akili. Wengi hukimbilia shule za mjini, Area C au Makole, kwa sababu ya usafiri na chakula. Sawa, maisha ni magumu. Lakini shule iliyo pembeni ya msitu wa kijiji inakupa wiki kadhaa za kuona jinsi kamati ya mazingira ya kijiji inavyokaa, nani anakata mkaa, nani anapewa kibali. Singida kuna msitu wa Mgori, mmojawapo wa misitu ya mwanzo nchini kuwekwa mikononi mwa vijiji miaka ya 1990, kabla hata ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuupa utaratibu huo nguvu. Mwanafunzi wa ualimu aliyefundisha jirani na msitu kama huo ana mengi ya kusema kuhusu usimamizi shirikishi.

Na shuleni kwenyewe kuna mahali ambapo fani hizi mbili huruhusiwa kukaa pamoja bila barua ya mtu: klabu. Malihai Clubs of Tanzania ilianzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya elimu ya uhifadhi mashuleni, na kuna shule ambazo klabu hiyo ipo kwa jina tu kwa kukosa mlezi. Mwalimu mwenye maliasili kichwani hupewa ulezi huo hata asipouomba, pamoja na bustani, kitalu cha miche na ugomvi wa mbuzi wa majirani.

Yanavyokutana darasani

Swali la kama inafaa kuhangaika hivi hujibiwa na ardhi ya Dodoma yenyewe. Huu ni ukanda wa nusu ukame, mvua zake ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Mwalimu anayefundisha mmomonyoko wa udongo kwa mfano wa kitabuni, huku korongo likiwa nyuma ya choo cha shule, anafanya kazi nusu.

Kondoa ndiyo darasa kubwa kuliko yote. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kupambana na mmomonyoko ulioacha milima uchi na makorongo ya kutisha. Matuta na miche havikutosha. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi ambao wazee wa Kirangi bado wanausimulia: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Majani yakarudi, miti ikarudi, mabonde ya mchanga yakaanza kulimwa. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka; wengi walihamishiwa maeneo ya jirani na mzigo wao wa malisho, na kaya zikapoteza maziwa, mbolea na mahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumpelekea ng'ombe bandani, ukaanza kuruhusiwa.

Mtu wa maliasili ataeleza kwa nini majani yalirudi: mfuniko wa mimea hupunguza nguvu ya matone, maji yanapata muda wa kuzama, mbegu zilizolala ardhini zinaota zisipokanyagwa. Anaweza kukesha akieleza hayo, na kidato cha pili kikalala. Mtu wa ualimu ataligeuza kuwa kesi: nusu ya darasa ni wafugaji wa Haubi mwaka 1979, nusu nyingine maofisa wa HADO, na kila upande unatakiwa ulete hoja yenye ushahidi. Atapanga swali la kwanza liwe jepesi ili mtoto wa nyuma naye aseme kitu, na la mwisho liwe lile lisilo na jibu moja. Anayejua upande mmoja tu wa hizi stadi atakosa ama ushahidi ama darasa.

Mfano mwingine uko kwenye bomba la maji la mjini. Jiji la Dodoma kwa miongo mingi limetegemea visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe. Wanasayansi waliochambua rekodi ya miaka 55 ya kina cha maji chini ya ardhi pale Makutupora, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waligundua kwamba hifadhi hiyo haijazwi kidogo kidogo kila msimu. Hujazwa kwa mshtuko, katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, hasa inayoambatana na El Niño, kama ule wa 1997 hadi 1998. Kati ya misimu hiyo maji hushuka tu. Kwa somo la Jiografia hii ni hazina: mtoto aliyefundishwa kuchora grafu anaweza kuiona akiba ya jiji zima ikisubiri mvua ileile ambayo redio huitangaza kama janga. Anajifunza mzunguko wa maji, takwimu na siasa ya visima kwa mara moja, na jioni anakinga ndoo kwenye bomba hilohilo.

Kuna na kisiki hai, mbinu inayohimizwa sana vijijini Dodoma: badala ya kupanda miche ya kumwagilia, mkulima anachagua machipukizi machache kwenye kisiki kilichobaki shambani, anapogoa mengine, anaweka alama na kuyalinda. Mizizi ipo tayari chini, kwa hiyo mti unakua haraka na bila ndoo ya maji. Biolojia yote ya mizizi, usanisinuru na ushindani wa mimea imo humo, na kifaa kinachohitajika ni panga. Shuleni inawezekana hata pale ambapo maabara ni chumba chenye kabati moja lililofungwa.

Neno dogo kuhusu lugha, maana linawapata wahitimu wengi wakiwa hawajajiandaa. Sekondari somo ni la Kiingereza, mkutano wa kijiji ni wa Kiswahili, na majina ya miti anayoyajua mtoto ni ya Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Mwalimu anayejua jina la kisayansi peke yake atahitaji msaada wa bibi wa mwanafunzi wake, na si aibu.

Kwa mwalimu aliye kazini

Nimewaacha mwisho walimu wenye stashahada wanaotaka kujiendeleza, na hali yao ni tofauti. Mwalimu wa Mpwapwa, mji wenye chuo cha ualimu cha tangu mwaka 1926 na kituo cha utafiti wa mifugo, anaona maliasili kila upande na anavutiwa kwenda kusoma shahada ya misitu au mazingira. Anadhani akirudi atapanda ngazi ya mshahara, kutoka TGTS C ya stashahada kwenda TGTS D ya shahada. Muundo wa utumishi wa walimu hausomeki hivyo. Shahada isiyo na ualimu wala somo la kufundishia inaweza isihesabiwe kwenye ngazi ya mwalimu, na kuhamia kada ya maliasili kunahitaji mwajiri awe na nafasi na kibali cha kukubadilisha. Kuna watu wamerudi na joho na mshahara uleule.

Akitaka kubaki darasani, salama zaidi kwake ni shahada ya ualimu yenye Biolojia au Jiografia kwanza, kisha uzamili wa maliasili. Akitaka kuhama kada, hilo lisemwe wazi kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla ya kuondoka, na ruhusa ya masomo iwe ya maandishi, ikitaja jina la kozi neno kwa neno kama lilivyo kwenye barua ya udahili.

Kuhusu fedha za mwaka wa PGDE, yeye na mhitimu mpya wako mtumbwi mmoja: wapange kama watu watakaojilipia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo Dodoma, huitoa kwa utaratibu wa masafa, kwa hiyo mtu anaweza kusoma huku akilinda kitalu cha miche Kongwa au akijitolea kufundisha shule ya jirani. Majuma ya BTP pekee ndiyo hayana mbadala. Lazima awepo shuleni, na mwajiri wake ajue mapema.